Mahali Anapotema Uji

2 Machi

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata Mama: Shangazi ananitia kinyaa.

Nimeliandika na kalamu haikuvunjika, basi niendelee. Shangazi ni dada mkubwa wa marehemu baba. Kiharusi kilimpiga mwaka juzi, upande wote wa kulia ukalala. Mdomo umepinda, na pembeni mwake mate hayakauki. Ana kitambaa cha njano, ambacho nadhani zamani kilikuwa cheupe. Anajifuta nacho, anakilaza mapajani, kisha ananishika mkono kwa vidole vilevile. Mimi natabasamu, nasema, "Ndiyo, Shangazi," halafu naenda bombani kunawa mpaka kwenye kiwiko.

Mama amenileta hapa kwa Baba mdogo nisubiri matokeo ya mtihani. "Utamsaidia shangazi yako, na Baba mdogo atakufundisha piano. Utatoka na kitu." Nilichopata mpaka sasa ni harufu ya dawa ya kuchua, imeingia hadi kwenye nywele.

Angalau Baba mdogo ni msafi. Anafundisha piano chumba cha mbele, shati limepigwa pasi, kucha fupi, ananukia sabuni.

5 Machi

Mvua imeanza. Mfereji umefurika, na kila kilichotupwa mtaani tangu kiangazi kinapita mbele ya mlango wetu kama kinakaguliwa.

8 Machi

Kazi zangu ni kumlisha Shangazi uji asubuhi na jioni, kuwafungulia wanafunzi mlango, na kufuta vibao vya piano kwa spiriti kila anapoondoka mmoja. Hii ya mwisho sikuitarajia. Watoto wanakuja na vidole vya siagi na kamasi. Mke wa daktari wa meno anakuja na kucha ndefu kama vijiko, na akipiga, kucha zinasikika kuliko piano.

"Hodari sana, mama! Umepiga hatua!" Baba mdogo anamwambia, na kumsindikiza mpaka mlangoni. Akirudi ananinong'oneza, "Haya, binti, futa hapo kuku alipoparua."

Nilicheka mpaka nikapaliwa. Humu ndani ni yeye peke yake ninayeweza kumtazama wakati wa kula.

11 Machi

Leo Baba mdogo amenikalisha kando ya piano na kunieleza. Mwishoni mwa Aprili utazinduliwa ukumbi mpya wa muziki, uliojengwa na Mzee wa Mbao, tajiri wa mbao ambaye alikuwa rafiki wa babu. Baba mdogo atapiga peke yake, mimi nitamgeuzia kurasa. Akifanya vizuri, Mzee atamfanya mwalimu mkuu wa ukumbi. Na kipande atakachopiga kimetungwa na Shangazi.

"Shangazi yupi?" nikauliza.

"Kwani unao wangapi? Huyohuyo unayemlisha. Usimwone vile. Alikuwa akiipiga piano hii mpaka majirani wanaunguza vyungu."

Akanionyesha kilivyojengwa. Kinaanza na wimbo mtamu, mwepesi, wa kupokelea wageni. Kinafuata kipande kigeni chenye haraka, kisha wimbo unarudi. Kipande cha pili kizito, wimbo unarudi. Cha tatu kinazungukazunguka kama mtu anayetafuta ufunguo, na wimbo unarudi mara ya mwisho. "Ni kama nyumba yenye sebule moja na vyumba vitatu," alisema. "Ukitoka chumba chochote, lazima upite sebuleni." Nimeipenda mno picha hiyo. Shuleni kwenye kwaya tulisomeshwa nota, lakini hakuna aliyetuambia kwamba muziki una milango.

Karatasi ni zilezile alizoandika Shangazi kwa mkono wake. Baba mdogo anataka watu waone zilivyozeeka. Ila amezisafisha, ndivyo alivyosema. Kila wimbo unaporudi, Shangazi alikuwa ameupachika nota za jirani zinazokwaruzana kama mwiko chini ya sufuria, na kila mara zinazidi. "Makosa ya ujana," akasema, "nimeyafuta kwa raba." Na mara ya mwisho wimbo unapigwa kwa mkono wa kushoto tu, halafu unakatika katikati, kama mtu aliyeitwa mlangoni. Hapo Baba mdogo amebandika karatasi mpya nyuma ya ukurasa, yenye mwisho wake yeye: wimbo unarudi kwa mikono yote miwili, kwa vishindo. "Lazima watu wapate pa kupigia makofi."

Gundi aliikoroga mwenyewe jikoni, kwa unga wa ngano.

Jambo moja tu lilinisumbua. Akigeuza ukurasa analamba kidole. Kona za kurasa zimekuwa nyeusi na laini kama sikio la mbwa. Na kuanzia kesho mgeuzaji ni mimi.

12 Machi

Nimezishika zile kona. Ni mbichi.

17 Machi

Shangazi amenitemea uji. Si kwamba umemwagika; ameuvuta ndani, akanitazama, akautema, na nusu yake imeingia kwenye mkono wa blauzi yangu. Nilitaka kulia. Nilitaka pia kumpiga, na hilo nalo naliandika hapa maana sina pengine pa kulisemea.

"Pole, Shangazi," nikasema. Mimi ndiye niliyesema pole!

Baba mdogo alikuwa chumba cha mbele anajizoeza, hakusikia kitu.

19 Machi

Tena.

20 Machi

Tena. Sasa namlisha nikiwa nimevaa koti la mvua.

23 Machi

Nimegundua kitu.

Asubuhi Baba mdogo alikuwa na mwanafunzi, Shangazi akala bakuli zima bila kumwaga tone. Jioni Baba mdogo akaketi kujizoeza kile kipande. Wimbo wa kwanza, Shangazi anameza. Chumba cha kwanza, anameza. Wimbo ukarudi, ukiwa safi, hauna mkwaruzo: ptu! Nikamfuta. Chumba cha pili, anameza vizuri, hata kichwa anatikisa. Wimbo ukarudi: ptu!

Nikaweka kijiko chini.

"Shangazi," nikamwambia, "ni uji mbaya au ni muziki mbaya?"

Tangu nije hapa sijamwona akicheka. Alicheka upande mmoja wa uso, mate yakamtoka, akajifuta na kile kitambaa.

"Uji," alisema polepole, maana maneno yanamtoka mazito, "hauna kosa."

28 Machi

Mjusi amefia ndani ya piano. Mke wa daktari wa meno amesema harufu hiyo inamkumbusha mume wake akirudi kazini. Nimemtoa mjusi kwa kijiko cha zamani na kumtupa pamoja na kijiko. Kila kitu kinaota ukungu: viatu, ukuta, mgongo wa kiti. Gundi ya Baba mdogo imechacha, kurasa zinanuka kama mkate wa wiki iliyopita.

2 Aprili

Mzee wa Mbao amekuja kusikiliza. Ni mtu mnene, mchangamfu, ana kijiti cha meno ambacho hakikutoka mdomoni isipokuwa kukipa nafasi kidole. Baba mdogo alimfutia kiti kwa mkono wake mwenyewe. Baba mdogo, ambaye mimi nilimwona kama mfalme kwenye piano yake, alikuwa amejikunja kiunoni kama anatafuta kitu kilichomdondoka.

Akapiga. Mzee alifumba macho, akawa anaufuata wimbo kwa mguno. Ulipokwisha akasema, "Huo wimbo! Huo! Dada yako alikuwa akinipigia mimi huo, unajua? Mimi ndiye niliyekuwa nikimgeuzia kurasa."

"Najua, Mzee wangu. Tutasema siku ya uzinduzi kwamba aliutunga kwa ajili yako."

"Naye yuko wapi? Bado ana hasira?" Akacheka.

"Yupo chumba cha nyuma, amepumzika."

Hakuwa amepumzika. Mlango ulikuwa wazi kidogo, na nilimwona amekaa wima kabisa, kitambaa amekifinya ngumini.

Wakati wa kuondoka Mzee alinipapasa shavu kwa vidole vilivyokuwa na kijiti. "Na huyu ndiye mgeuzaji wa siku hizi? Vizuri, vizuri." Nimeosha shavu kwa sabuni ya kufulia. Bado nalihisi.

4 Aprili

Leo nitaandika sana.

Baba mdogo alikwenda kuuangalia ukumbi. Nilikuwa nikipanguza ukungu kwenye zile kurasa, nikaona kwamba chini ya ukurasa wa mwisho wa Shangazi kuna kipande chembamba cha karatasi kilichobandikwa, nacho kimebanduka kwa unyevu. Chini yake, kwa mwandiko wa Shangazi, maneno mawili: Inuka. Usiiname.

Nikampelekea. Niliogopa, lakini nikampelekea.

Akaitazama karatasi. Kisha akaniambia, neno kwa neno, na nitaandika kama nilivyoelewa, maana mengine alilazimika kuyarudia.

Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Jioni wageni walipokuja, babu alimwita sebuleni awapigie. Rafiki wa babu, huyu Mzee wa Mbao, wakati huo kijana mwenye tumbo changa, alijitolea kumgeuzia kurasa. "Ukurasa ukishageuka," Shangazi alisema, "mkono haurudi kwake. Unakaa begani kwangu. Unashuka kidogo. Na vitunguu, mwanangu. Ananipumulia vitunguu shingoni."

"Na babu? Alikuwa haoni?"

"Alikuwa anaona. Alikuwa anasema, piga tena, mwanangu, mgeni kafurahi."

Basi akatunga kipande. Aliuchukua ule wimbo mtamu wa wageni, akautoa sebuleni na kuurudisha, na kila unaporudi sebule imezidi kuchafuka. Zile nota zinazokwaruzana ndizo uchafu. Aliziweka makusudi, moja moja, alivyokuwa akihisi kichefuchefu kikipanda.

"Na mwishoni," nikauliza, "mbona mkono wa kulia hauna nota?"

Shangazi akanitazama kama mwalimu anayemtazama mwanafunzi aliyefika mlangoni mwenyewe.

"Ulikuwa na kazi nyingine."

Nikaelewa ghafla. Mkono wa kushoto ulibaki unapiga wimbo, na mkono wa kulia ulikwenda begani, ukauchukua mkono wa yule mtu kama unavyochukua mende aliyekufa, ukauweka pembeni. Halafu akainuka katikati ya wimbo, mbele ya wageni wote, akatoka. Hakuinama. Babu hakumsemesha mpaka anakufa, na piano ikapewa mdogo wake.

"Sasa," Shangazi akasema, akiuangalia mkono wake wa kulia uliolala mapajani, "ningeweza kupiga mwisho tu. Naufaa kabisa." Na akacheka tena kwa upande mmoja.

Mate yalimdondoka juu ya karatasi. Niliyafuta kwa kidole changu. Nimekumbuka hilo sasa hivi ninapoandika, kwamba sikwenda bombani.

9 Aprili

Kile kipande chembamba nilikibandika tena siku ileile. Leo nilijitia ujasiri. Nilijizoeza maneno tangu nilipoamka, na yalipotoka yalitoka nusu.

"Baba mdogo, labda... ule mwisho wa Shangazi... labda tuurudishe."

"Nani kakwambia habari za mwisho?"

Nikatazama mlango wa chumba cha nyuma. Akaelewa. Hakufoka, na ningependa angefoka. Alivuta kiti karibu na kusema kwa sauti laini, ile anayomwambia mke wa daktari wa meno.

"Binti, yale ni ya zamani. Unadhani mimi sikuwepo? Nilikuwepo. Mimi ndiye niliyekuwa naleta chai. Niliona yote. Lakini mtu unafanyaje? Yule ndiye aliyejenga ukumbi. Mimi ndiye ninayemtunza Dada. Na watu hawaji ukumbini kutazama hasira ya mtu, wanakuja kufurahi."

"Lakini ni yake."

"Ndiyo, na nitalitaja jina lake. Na ule mkono wa kushoto nimeuacha, si unaona? Ingawa watu watadhani na mimi nimepooza." Akacheka kidogo kwa utani wake mwenyewe. "Haya. Wewe geuza kurasa."

Halafu akalamba kidole na kufungua ukurasa wa kwanza.

Ni ajabu jinsi mtu anavyoweza kubadilika bila kubadilika. Shati ni lilelile, sabuni ileile. Nilipomsogelea nigeuze, niliisikia ile sabuni na nikabana pumzi. Aliona yote. Alikuwa ameshika sinia la chai.

10 Aprili

Mvua.

11 Aprili

Mvua. Sijamtazama Baba mdogo wakati wa kula.

16 Aprili

Baba mdogo hayupo tena leo. Nilimsukuma Shangazi na kiti chake mpaka kwenye piano. Mkono wa kushoto ulipanda juu ya vibao kama kaa, ukatulia, ukapiga. Si vizuri. Vidole viwili vilikosea. Lakini alipofika pale panapokatika, alikata, na ukimya uliobaki ulikuwa na umbo, kama kiti kilichosukumwa nyuma.

Akanifundisha zile nota chafu. Nilipozipiga pamoja na wimbo nilikunja uso. "Ndiyo," akasema, "uso huohuo."

Nikamuuliza kama Baba mdogo hawezi kukipiga kwa kichwa, bila karatasi. Akapuliza hewa kwa dharau.

"Yule? Tangu mtoto. Mbele ya watu kichwa kinakuwa cheupe. Mfiche karatasi, utamwona bubu."

Alisema tu. Hakuniambia nifanye lolote. Nataka ieleweke hivyo.

20 Aprili

Nimempeleka Shangazi kwa fundi wa nguo kupimwa gauni; hatua chache za mwisho alitembea mwenyewe kwa fimbo. Baba mdogo anataka akae mstari wa mbele, "watu wamwone."

24 Aprili

Kesho. Sitaandika.

25 Aprili

Ukumbi unanuka rangi mbichi na miavuli. Mzee wa Mbao alikaa katikati ya mstari wa mbele na kijiti chake. Nilimwomba mhudumu amweke Shangazi pembeni kabisa, karibu na njia, fimbo yake mkononi. Baba mdogo akasimama, akawaambia watu kwamba kipande hiki dada yake mgonjwa alikitunga kwa shukrani, kwa ajili ya mgeni wetu wa heshima. Makofi. Mzee alinyanyua mkono kama askofu. Sikuthubutu kumtazama Shangazi.

Baba mdogo akaanza. Lazima niseme ukweli, alipiga vizuri. Vidole vyake ni vizuri. Wimbo ukarudi, safi, sebule imepigwa deki. Nikageuza. Chumba cha pili. Nikageuza. Watu walikuwa wanatikisa vichwa, na Mzee anaguna. Chumba cha tatu, mtu anatafuta ufunguo. Nikageuza ukurasa wa mwisho wa Shangazi, na mkono wa kushoto ukaanza peke yake.

Chini ya ukurasa kile kipande chembamba hakikuwepo. Inuka. Usiiname. Nilimwona akiyaona. Shingo ikamkakamaa, lakini akaendelea mpaka ilipoishia nota ya mwisho, na akanipa ishara kwa kidevu.

Nikashika kona. Ukurasa haukugeuka.

"Geuza," akanong'ona.

"Umeganda, Baba mdogo."

Akanyoosha mkono mwenyewe. Akalamba kidole, mbele ya ukumbi mzima, akakwangua kona. Karatasi yake mpya ilikuwa imegandana na jalada la nyuma kama mkate na sahani. Akavuta, pembe ikachanika. Mikono yake ikarudi juu ya vibao na kubaki hewani, na nikaona kwamba kweli hakuna kitu kichwani, hata wimbo ambao amekuwa akiupiga masika yote.

Mvua juu ya mabati.

Halafu fimbo ikagonga sakafu. Shangazi alikuwa anainuka. Ilimchukua muda mrefu na hakuna aliyemsaidia, maana hakuna aliyejua kama inaruhusiwa. Alisimama wima, akageuka, akaanza kutoka. Fimbo, mguu, fimbo. Mtu mmoja nyuma akadhani ndio utaratibu, akasimama. Wenzake wakasimama. Ukumbi wote ukasimama kimya, miavuli inadondoka, wakimpisha mwanamke mmoja apite. Aliyebaki amekaa ni Mzee wa Mbao. Kijiti kilikuwa kimetulia mdomoni, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekumbuka kitu begani pake, au mkononi.

Baba mdogo akasimama na kuinama. Mbele ya yale maneno, akainama.

Nikaruka chini ya jukwaa kumkimbilia Shangazi.

26 Aprili

Kila mtu anasema ni unyevu. Mzee wa Mbao alimwambia Baba mdogo, "Tutaongea," na akaondoka bila kuongea. Baba mdogo ameketi chumba cha mbele tangu asubuhi, hajapiga hata nota moja, na analaani masika. "Unga wa ngano!" anasema. "Ningetumia gundi ya dukani." Namwonea huruma kidogo. Namwona bado ameshika sinia la chai. Huruma hiyo haijaondoa kinyaa. Vinakaa pamoja, kama nota mbili za jirani.

Asubuhi nilimpelekea Shangazi uji. Akala wote.

"Sebule ilikuwa safi mno," akasema. "Lakini nimetoka."

Kisha akanishika mkono, akauvuta mpaka puani, akanusa vidole vyangu, kimoja kimoja. Nilikuwa nimenawa mara nyingi, lakini unga wa ngano uliochacha hauondoki upesi. Alichukua kile kitambaa cha njano, kilicholowa upande mmoja, akanifuta vidole vyote kwa utaratibu kama mama anavyomfuta mtoto, na mimi sikuuvuta mkono.

Basi sasa unajua. Baba mdogo hajui, Mama hajui, na Shangazi ananusa tu, hasemi. Kama daftari hili limekufikia mkononi, wewe uliyesoma mpaka hapa, nakuomba lifunge na ulikalie kimya. Na ukiulizwa kwa nini ukurasa haukugeuka, sema ni mvua.